Busheli za Mezani

Pesa za serikali za kufidia mavuno mabaya ya mwaka jana ziliingia kwa Milo Kostelka siku ya Jumanne, na kabla ya saa nne asubuhi barabara nzima ilikuwa na habari. Milo aliapa baadaye kwamba alimwambia dada yake peke yake. Ni kweli, lakini alimwambia akiwa amesimama katikati ya barabara, karibu na masanduku ya barua, kwa ile sauti anayoitia ng'ombe.

"Dola elfu ishirini na tatu, dada, na senti juu. Zako zitakuwa zimeshaingia. Nenda kaangalie."

Georgene Havranek akaenda kuangalia. Alifungua kompyuta kwenye meza ya jikoni, katikati ya chupa za matango ya siki, akaingia kwenye akaunti ya benki na kukuta kiasi kilekile cha jana. Akangoja mpaka baada ya chakula cha mchana, akaangalia tena. Jumatano aliangalia mara tatu. Alhamisi mume wake, Laddie, alimkuta ameinamia kioo cha kompyuta na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, akamwambia kwamba pesa haziji haraka kwa kukodolewa macho.

"Za Milo zimekuja," Georgene alisema.

"Milo ni kaunti nyingine."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa likimchanganya. Barabara ya kokoto inayopita mbele ya nyumba yao ndiyo mpaka. Mashariki yake, kwa Milo, ni Kaunti ya Dorrance, mahindi matupu mpaka mtoni. Magharibi, kwa akina Havranek, ni Kaunti ya Wescott, ambayo karibu yote ni vilima vya mchanga na ng'ombe, na mahindi yamebanana kwenye ukanda mwembamba kando ya barabara. Jua la Julai ya mwaka jana halikuuliza mpaka uko wapi. Mahindi ya Milo na ya Laddie yalikauka wiki moja, yakitazamana. Georgene aliyaona yote mawili kutoka dirisha moja.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Miaka miwili mfululizo walishindwa kumaliza mkopo wa msimu, na Februari Bwana Tierney wa benki aliwaeleza, kwa upole wake wote, kwamba halmashauri ya benki haitatoa mkopo wa tatu juu ya deni. Pesa za serikali zikija Oktoba, elfu kumi na nane hivi, wataanza ukurasa mpya. Zisipokuja, waandae eka arobaini za kuuza, deni lote liishe. Akazitaja kabisa: zile za juu, penye kinu cha upepo kilichovunjika.

Hizo ziliachwa na mama yake Georgene. Mzee Kostelka na mkewe walipogawa mali, Milo alipata eka mia tatu na ishirini kwa kuwa ni mwanamume, Georgene akapata arobaini na cherehani. Cherehani iliharibika zamani. Zile eka arobaini ndizo kitu pekee duniani kilichoandikwa kwa jina lake peke yake, na kila masika alipanda huko juu kuzitembelea kwa miguu bila kumwambia mtu anafuata nini huko.

Bima ya mazao nayo iliwapita kando. Yao ilikuwa inalipa shamba likitoa chini ya busheli sabini na tatu kwa eka, busheli ikiwa kama madebe mawili ya mahindi, na mwaka ule wao walivuna sabini na nne.

* * *

Ijumaa alivaa koti la kanisani akaenda ofisi ya kilimo ya kaunti. Aliamini kuna karatasi imekosa sahihi, kwa sababu Laddie huweka sahihi kama mtu anayekimbia mvua. Msichana wa kaunta, Janelle, ambaye baba yake ana ng'ombe huko mchangani, alifungua jalada lao, akalipekua, akalifunga. Sahihi zote zilikuwepo.

"Basi tatizo liko wapi, binti yangu?"

"Hakuna tatizo, Bi Georgene. Mmevuna vizuri."

"Nani?"

"Kaunti."

Georgene alikaa. Akamweleza kwamba wao walivuna sabini na nne na risiti za mizani anazo nyumbani kwenye kopo la biskuti. Janelle aliitikia kwa kichwa, kwa huruma ya mtu aliyelieleza jambo hilo mara kumi na moja tangu Jumanne. Akachukua karatasi na kalamu.

Mpango waliouchagua, alisema, hauangalii shamba la mtu. Unaangalia mapato ya kaunti. Wanachukua mavuno ya wastani ya kaunti nzima, wanazidisha kwa bei ya taifa. Halafu wanarudi nyuma miaka mitano, wanatupa mwaka mzuri kuliko yote na mbaya kuliko yote, wanapata mapato ya kawaida. Mapato ya mwaka yakianguka chini ya asilimia themanini na sita ya hayo ya kawaida, serikali inaziba pengo, ila si lote. Bei ya mwaka jana ilikuwa mbaya, kwa hiyo Wescott walihitaji tu wastani uwe chini ya busheli mia na kumi, pesa zingekuja.

"Na ulikuwa ngapi?"

"Mia na kumi na tatu."

Georgene aliitazama ile namba kwenye karatasi. Akauliza Dorrance walipata ngapi, akaambiwa tisini na moja. Alianza kuwapitia kichwani majirani wote wa upande wake wa barabara, mmoja mmoja, na hakumpata hata mmoja ambaye kombaini yake ya kuvunia ilitoka shambani mwaka jana na tangi limejaa.

"Mahindi ya nani hayo ya mia na kumi na tatu?"

"Si ya mtu. Ni wastani."

"Ndugu yangu Milo nusu ya shamba lake alipanda soya. Mbona amelipwa mahindi?"

"Analipwa kwa eka za msingi, zile zilizoandikwa zamani. Haijalishi mwaka huo alipanda nini."

"Hata angepanda maua?"

Janelle alifikiri. "Mboga na matunda yana masharti yake. Maua sijawahi kuulizwa."

"Kwa hiyo," Georgene alisema polepole, akihesabu kwa vidole juu ya mkoba wake, "mtu analipwa kwa mahindi ambayo hakuyapanda, kwa hasara ambayo ni ya watu wengine, mwaka mzima baada ya hasara yenyewe."

"Ukilisema hivyo linasikika vibaya, Bi Georgene. Lakini ndiyo."

Hakukasirika. Angepata mtu wa kumkasirikia angefurahi. Aliuliza swali la mwisho, na alikuwa ameshasimama anavaa glavu: huo wastani huwa unatoka wapi, nani anapita kupima? Janelle akasema hakuna anayepima. Kila majira ya baridi watu wa takwimu hutuma barua kwa wakulima, kuuliza eka ngapi na busheli ngapi. Si lazima kujibu, na jibu la mtu ni siri. Huku wengi huitupa. Kwa mavuno ya mwaka jana Wescott walijibu thelathini na mmoja tu.

"Wangepungua wawili, wakawa chini ya thelathini," Janelle alisema, "wala msingeandikiwa wastani huo. Wangetafuta njia nyingine. Ni bahati."

Georgene aliikumbuka ile bahasha. Aliiona Januari juu ya jokofu, kisha siku moja haikuwepo tena, naye akadhani imeenda jalalani na magazeti.

* * *

Laddie alikuwa anakula supu ya viazi aliposimuliwa. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye shingo nyekundu ya jua, anayependwa na mbwa wa watu wote. Alisikiliza asilimia themanini na sita bila shida. Ilipofika mia na kumi na tatu aliacha kutafuna.

Alisema Washington hawajui kuhesabu. Akasema labda ni zile setilaiti, zinaona majani ya kijani kwenye malisho zinadhani ni mahindi. Georgene alimwambia si setilaiti, ni barua, akamuuliza kama yake aliitupa. Laddie alisema hakumbuki. Kisha akasema anakwenda kuendelea kuvuna, na nje kulikuwa na manyunyu, na hakuna mtu katika kaunti zote mbili anayevuna mahindi kwenye manyunyu. Georgene alimwona dirishani amekaa ndani ya kombaini iliyozimwa, mikono kwenye usukani, karibu saa nzima. Alidhani anaomboleza zile pesa, akamwonea huruma, akamwekea pembeni kolache mbili, vile vimkate vitamu vya plamu.

* * *

Jumatatu waliitwa benki. Wendell Tierney aliwafungulia mlango mwenyewe, akawauliza habari za binti yao aliyeko Lincoln, akawapa kahawa kwenye vikombe vyenye picha ya benki. Georgene aliiona ile adabu akajua mambo yameharibika.

Bwana Tierney alisema ameona takwimu za kaunti na anasikitika hakuna malipo. Ila kuna kitu hakielewi, na anauliza tu kwa sababu halmashauri watamuuliza yeye. Mkopo wa msimu uliwekewa dhamana ya mazao. Kila gunia lililotoka shambani lilikuwa la benki mpaka deni liishe. Na mahindi aliyoyaona kwenye hesabu zao yalikuwa ni ya busheli sabini na nne kwa eka.

"Ndiyo," Georgene alisema. "Ndiyo tuliyovuna."

"Kaunti imevuna mia na kumi na tatu, Bi Georgene." Aligeuza kalamu mezani. "Na pale kwenye ushirika wa wakulima, mimi mwenyewe nimenunua petroli nikasikia kwamba Laddie alipata mia na ishirini na nane."

Ilichukua muda kidogo kabla ya Georgene kuelewa kwamba wanaulizwa kama wameiba. Alihisi uso unawaka mpaka kwenye masikio. Miaka thelathini na minne amekuwa akiandika kila busheli kwenye daftari, na mtu huyu alikuwa anamuuliza, kwa sauti ya kanisani, mahindi mengine waliyauza wapi. Alimgeukia mume wake amsaidie. Laddie alikuwa anatazama picha ya kikombe.

"Laddie," alisema. "Mwambie."

Laddie hakumwambia. Kama angesema alivuna sabini na nne, angekuwa mwongo mbele ya watu wote wa ushirika. Akinyamaza, angekuwa mwizi mbele ya benki. Ni aibu kusema, lakini kwa muda alikuwa anapima ipi ni nafuu.

Ni Georgene aliyelitoa kopo la biskuti kwenye mkoba. Alikuja nalo kwa sababu hajui kwenda benki bila karatasi. Akazipanga risiti za mizani za ghala la ushirika juu ya meza ya Bwana Tierney, lori kwa lori, tarehe kwa tarehe. Yule bwana alizisoma zote. Aliposimama aliomba radhi, na aliomba kwa dhati, kisha akasema kwamba hata hivyo deni liko palepale na eka arobaini zinahitajika kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba.

* * *

Walifika nusu ya njia. Kisha Georgene akamwambia asimamishe pikapu, naye akasimamisha kando ya shamba la mtu.

"Mia na ishirini na nane imetoka wapi?"

Akamwambia. Ilimtoka kidogokidogo, akitazama kioo cha mbele.

Wanaume sita hukaa kwenye meza ya duara nyuma ya ghala la ushirika kila asubuhi, na wamekaa hapo tangu baba zao walipowaachia viti. Milo huvuka barabara kuja, kwa kuwa Dorrance hawana kahawa nzuri. Wengine watano ni wa Wescott: Laddie, Adolph, Dwaine, na ndugu wawili wa Rezek. Hutupa dadu kuona nani atalipa kahawa. Na zile barua zikija kila Januari, hawazijazi nyumbani. Huja nazo mezani, wakazijaza pamoja, kwa kalamu moja ya ushirika inayozunguka. Siku hiyo hawatupi dadu. Mwenye namba kubwa ndiye hununulia wote kahawa, na anainunua kwa raha.

Mwaka wa kawaida, Laddie alisema, mtu huongeza tano, sita. Lakini Januari hii Milo alianza, na Milo aliandika mia na thelathini. Akaisema kwa sauti. Kalamu ikaja kwa Laddie.

"Ningeandika sabini na nne, wakiwa wanaangalia?"

"Ungeandika sabini na nne. Ndiyo."

"Na wewe dada yake. Unamjua."

"Wengine waliandika ngapi?"

Waliandika kama yeye. Mia na ishirini na tano, mia na ishirini na sita. Hakuna aliyemwamini mwenzake, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kushuka. Halafu wakazitia kwenye bahasha, wakalamba gundi, wakanywa kahawa ya Milo.

Georgene alipiga hesabu pale pale. Watu watano, na kwa pamoja wanalima karibu nusu ya mahindi yote ya Wescott. Majibu thelathini na moja. Milo naye alidanganya kuliko wote, lakini upande wake wa barabara wanajibu watu mamia, uongo wake ukazama humo kama chumvi kwenye pipa, na serikali ikamlipa elfu ishirini na tatu. Alitaka kucheka, akashangaa kwamba analia. Alilia kwa hasira kwanza, kisha kwa ajili ya mama yake, kisha hakujua tena analilia nini. Laddie alimpa kitambaa chake, kichafu cha grisi, naye akakipokea.

"Nilidhani ni barua tu," Laddie alisema. "Hawasemi ni ya nini."

"Wanasema. Iko nyuma."

Nani kati yetu amewahi kusoma nyuma?

Jioni hiyo Georgene alimpigia kaka yake kumwomba amkopeshe elfu kumi na nane. Milo alisema pesa ameshaziweka kwenye mashine mpya ya kupandia, tena kwa masikitiko. Akasema kama ni zile eka za mama, yeye atazinunua, zisiende kwa mgeni. Aje kesho wazungumze bei. Georgene akamuuliza atakuwa wapi kesho asubuhi, ingawa alijua.

* * *

Mvua ilinyesha usiku, mashamba yakawa tope, na meza ya ushirika ilijaa watu. Si marufuku mwanamke kukaa pale. Haijawahi tu kutokea. Wake za watu huchukua mbegu kaunta na kuondoka. Georgene aliingia nyuma ya mume wake, akavuta kiti kutoka dirishani, akakiweka kati ya Laddie na Adolph, akajimiminia kahawa.

"Shemeji," Milo alimwambia Laddie, "leo umekuja na askari?"

Wakacheka kidogo. Georgene alisubiri wamalize.

"Tuzungumze bei, Milo."

"Hapa?"

"Hapa pazuri. Kuna mashahidi." Akaweka mikono mezani. "Ardhi huuzwa kwa kile inachotoa, sivyo? Mashamba ya Laddie yalitoa mia na ishirini na nane, mwaka wa ukame. Mlikuwepo akiandika. Shamba la namna hiyo si chini ya elfu tatu na mia tano kwa eka."

Milo aliacha kukoroga kahawa. Alimtazama Laddie, Laddie akatazama dari.

"Dada, zile eka hazitoi mia na ishirini na nane. Unajua hazitoi."

"Basi zinatoa ngapi?"

"Sasa hiyo mimi nitajuaje? Ile ya mwaka jana ilikuwa..." Alitafuta neno. "Ilikuwa ya mezani."

"Niambie ya shambani, basi. Anza na yako."

Mtu wa kaunta alikuwa ameacha kufungua maboksi. Georgene aliwaeleza, kwa maneno machache na bila kupandisha sauti, kile Janelle alichomwandikia kwenye karatasi: wastani, mia na kumi, mia na kumi na tatu, barua thelathini na moja. Aliwaeleza kuhusu benki pia, na alichoulizwa mume wake pale. Adolph, ambaye tangu Jumanne alikuwa akiwatukana watu wa Washington kwa majina, alivua kofia akaiweka magotini. Alikuwa na hesabu yake mwenyewe ya elfu kumi na mbili ambayo haikuja.

Milo alikuwa mwekundu. Si mtu mbaya, Milo. Ni mtu aliyezoea tangu utotoni kwamba yeye hupata mia tatu na ishirini na mwenzake arobaini, na hajawahi kuulizwa kwa nini.

"Sitini na moja," alisema.

Hakuna aliyemcheka. Dwaine alikohoa, akasema yake ilikuwa sitini na sita. Adolph akasema hamsini na nane, na kwamba sehemu ya chini hakuivuna kabisa, aliingiza ng'ombe. Rezek mdogo alimtazama Rezek mkubwa, na mkubwa akasema sabini kasoro moja, labda sabini, lakini kasoro moja. Kisha wote wakamgeukia Laddie.

"Sabini na nne," Laddie alisema.

Ilichukua muda mpaka mtu akaliona. Ni Dwaine aliyehesabu, akatikisa kichwa taratibu. Katika miaka thelathini ya kukaa kwenye ile meza, akiongeza tano, akiongeza kumi, kwa mavuno ya mwaka jana akiongeza hamsini na nne, Laddie Havranek hakuwahi hata mara moja kuwa na namba kubwa kuliko wote. Mwaka huo alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti tangu Novemba.

Milo alisukuma kikombe chake pembeni. "Elfu tatu na mia tano," alimwambia dada yake, bila kumtazama. "Nitalipa hiyo. Ya mia na ishirini na nane."

Georgene hakujua kama hiyo ni haki, au huruma, au kaka yake anajinunulia tu usingizi. Alijua ni zaidi ya thamani ya ile ardhi na chini ya kile anachokitoa. Hakumshukuru. Alisema karatasi zitakuwa tayari Alhamisi, na kwamba kile kinu kilichovunjika asikibomoe.

"Sitakibomoa."

Watu wakaanza kuvaa makoti, mapema kuliko kawaida. Laddie alibaki amekaa. Kisha, kwa kuwa desturi ni desturi na hakuna aliyekuwa amesema vinginevyo, alitoa pochi, akamwita mtu wa kaunta na kumwambia kahawa ni juu yake leo. Alisema hivyo mgongo ukiwa umenyooka, na macho yake hayakuwa makavu. Akaanza kuweka dola mezani, moja kwa kila kikombe, mpaka zikawa sita.

"Saba," Georgene alisema. "Na mimi nimekunywa."